Muuguzi Aliyekataa Kuandika Kwamba Alianguka

Mume wangu alirudi nyumbani baada ya siku tisa za kasho, mahabusu ya askari, akiwa hawezi kuinua mikono. Askari walimkamata kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Mokambo, mpakani, na magunia yake ya unga, wakamfunga mikono kwa kamba na kumning'iniza ili akiri jambo asilolijua. Majirani waliniambia pole, kisha wakanong'ona: lisemwalo lipo. Niliwachukia. Nawachukia bado, ingawa kila Jumapili tunapeana mkono wa amani kanisani.

Nilimpeleka kwenye zahanati ya mtaa wetu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mnene, asiye na haraka. Aliacha mlango wazi, akavuta kigoda akakaa chini kuliko mume wangu.

"Papa, nikuguse mukono?"

Mume wangu aliposema hapana, mama yule aliuacha. Siku ya kwanza mume wangu alisema hapana asubuhi nzima, na hakuguswa hata ukucha. Mimi nilikuwa nachemka, nikaona tunapotezewa wakati. Ujinga wangu ulioje! Siku ya tatu alisema ndiyo.

Ndipo ikaja karatasi ya daktari wa serikali ya kuthibitisha majeraha, ambayo muuguzi ndiye huijaza kwetu. Nilimsihi aandike kwamba mume wangu alianguka na pikipiki. Niliogopa waliomkamata wangeisoma na kumrudia.

"Mama, muntu akianguka na pikipiki, kamba inamufunga wapi?" alinijibu. "Miye naandika kile naona. Lakini mukono iko yake. Papa, niandike?"

"Andika," mume wangu akasema. Tangu arudi hakuwa ametaka kitu chochote, hata chumvi kwenye mboga.

Akaandika alama za kamba, mabega yote mawili, akatia sahihi.

Haukupita muda mrefu, bwana mmoja aliyevaa kiraia alikuja kuuliza habari za karatasi ile. Mkuu wa zahanati akamwita muuguzi, akamtaka abadilishe neno moja tu. Alikataa. Mwezi haukuisha akapelekwa kituo cha mbali, huko ambako mvua ikinyesha gari halifiki. Kwa matibabu yake, mkono wa mume wangu ulikuwa umeanza kuinuka hadi kifuani. Umeishia hapo. Muuguzi aliyekuja baadaye alimshika bega bila kumuuliza, na mume wangu hajakanyaga tena pale.

Watu wa kanisani wananishauri nimwombee mama yule baraka. Baraka! Anayetibu anaadhibiwa, aliyefunga kamba anapita mtaani kifua mbele, na mimi nipige magoti nitulie? Sitaki kutulia. Namtaka yeye arudi na kigoda chake.

Nilikwenda kwa mkuu wa zahanati. Alinikaribisha kiti, akatabasamu, akasema uhamisho ule ulikuwa wa kawaida, hauna uhusiano na karatasi yoyote.

"Basi andika vile, shefu," nikamwambia. "Andika, na uweke jina yako."

Aliitazama kalamu yake, akairudishia kifuniko.