Wamekalia Shati la Audax

Saa mbili asubuhi, kijiji kimoja cha Runazi, ukungu bado umelala juu ya mihogo. Melania Idefonsi ameketi kwenye mkeka barazani kwake, koti kuukuu la kaki mapajani, wembe mkononi. Anafumua. Anatafuta mshono, anapenyeza wembe, anavuta kidogo, na mkono wa koti unaachia mzima bila kuchanika.

"Mkasi ni wa mtu mwenye haraka," anasema bila kuinua uso. "Nguo iliyokwisha kuvaliwa ina mwenyewe. Unaifumua taratibu, unamheshimu."

Melania, mwenye miaka 53, hushona mablanketi ya viraka na mapambo ya ukutani. Mali yake ni mashati yaliyochoka, khanga zilizopauka na magunia ya unga. Kati ya kiraka na kiraka huweka utepe mpya wa marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, upana wa vidole viwili. Kikuukuu kwa kikuukuu, anasema, vitachanana tu; lazima kipya kiingie kati kivishikilie.

Blanketi moja hula viraka zaidi ya mia mbili na wiki tatu za kupiga bandi kwa mkono. Malipo yake ni debe mbili za mahindi. Marekani yenyewe, tangu vita vya mpakani viishe, ni ya kubahatisha. Duka la kijiji likipata jora moja, kaya mia tatu zinapanga foleni.

Lakini mwandishi wa makala haya hakwenda Runazi kusifia sindano. Alikwenda kwa sababu aliambiwa kuna mama ana hasira. Alikaa naye siku mbili, na sasa hasira hizo anazo yeye pia.

Melania alijifunza kushona misheni akiwa msichana, akitia viraka mashuka ya wagonjwa. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, aliteremka kwenye lori akiwa na jembe, sufuria na mzigo wa matambara. Walimcheka sana. Kiangazi kilipoingia na baridi yake ya usiku, na nyumba bado ni miti mitupu, waliomcheka walikuja mmoja mmoja kuomba cha kujifunika.

"Sikumnyima mtu," anasema. "Kucheka hakuui. Baridi inaua."

Kisha vikaja vita. Desemba 1978 vijana kumi na mmoja wa mgambo waliitwa kwenda mpakani. Siku tatu kabla ya lori kufika, Melania alipita nyumba hadi nyumba akiomba kila mama kipande cha nguo ya mwanawe. Vyote kumi na kimoja alivishonea kwenye pambo moja refu, likatundikwa ofisi ya kijiji.

Aliweka na utaratibu. Kijana akirudi, atashika sindano mwenyewe, azungushie kipande chake uzi mwekundu.

Wanane walirudi. Melania anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akikumbuka wanaume wazima waliotoka vitani wakijichoma vidole kwa sindano mbele ya mama zao. Vipande vitatu vilibaki bila uzi. Kimoja ni mfuko wa shati la shule, rangi ya buluu, wa Audax, mtoto wa jirani yake Deodata. Aliondoka ana miaka kumi na tisa. Mwili wake haujaonekana hadi leo.

Julai 1979 alikuja ofisa mmoja kutoka Biharamulo mjini. Akaliona pambo, akalisifu, akaomba kulipeleka kwenye maonyesho kwa wiki mbili tu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Faustini, alikubali.

"Tulipiga makofi," anasema Mzee Faustini, na hamtazami mtu usoni. "Tulichinja na kuku. Tulidhani ni heshima."

Wiki mbili zimekuwa miaka miwili. Mara nne Melania amepanda lori kwenda kuuliza, mara nne ameambiwa njoo kesho. Mwezi uliopita hakungoja kuitwa. Alisukuma mlango wa ofisi ya huko mjini, akaingia.

Pambo lilikuwa dirishani, limegeuzwa pazia. Kwa kuwa lilizidi urefu wa dirisha, walilikata. Kwa mkasi, katikati ya viraka. Kipande kilichobaki walikikunja, wakakitia pamba, wakakifanya mto wa kiti cha mkubwa wa ofisi.

"Nikamwambia huyo mkubwa, ndugu, umekalia mtoto wa mtu," anasimulia, na wembe umesimama mkononi. "Akanijibu, mama, hivi si viraka tu? Nitakupa marekani mita nne, ukashone kingine."

Mita nne! Runazi watu wanapigania mita moja. Melania aliziacha mezani.

Mwandishi alikwenda kuona kwa macho yake. Ofisi hiyo hataitaja, wenyewe wanajijua. Mkubwa aliinuka kumpa mkono, na hapo mfuko wa buluu ukaonekana, umepauka, umebonyea kwa kukaliwa. Alipoulizwa, alisema watu wa vijijini wanapenda kukuza mambo. Akaketi tena pale pale.

Kwa Deodata jambo hili si la kukuzwa. Wazee wa ukoo wamepanga kuanua matanga ya Audax kabla ya mvua. Pasipo mwili, wameamua wazike nguo yake, na Deodata hana hata moja iliyobaki. Suruali na mashati mengine yaliishia mwilini mwa wadogo zake, kwa sababu miaka hii nguo haikai sandukuni.

"Niliwavalisha mwenyewe," anasema Deodata, akifika na beseni la maharage mabichi. Anasalimiwa shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti ndogo. "Nilijua mfuko uko salama kwa serikali. Mtoto waliniomba, nikawapa. Sasa waniambie, mfuko wanautakia nini?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila mtu mjini Biharamulo amefundishwa methali hiyo shuleni, hata yule anayeketi kwenye kiti kile.

Jumatatu ijayo akina mama hao wawili watapanda lori la ushirika kwenda mjini. Melania amekwisha kufunga safari yake katika kitambaa: wembe mpya, na kipande cha marekani alichokipangia foleni tangu alfajiri. Hicho si cha kushonea blanketi la mtu. Ndicho Deodata atakachouviringishia mfuko huo siku ya kuuzika. Mkasi unabaki nyumbani.

Je, wakiitiwa mgambo?

"Waje," anasema Melania. "Audax naye alikuwa mgambo."

Anarudi kwenye koti lake, anatafuta mshono wa bega.

"Sitachana kitu cha mtu. Kukata wanajua wao. Mimi nitafumua mfuko mmoja tu, utoke mzima, nimpe mama yake. Huyo mkubwa simwombi marekani wala simwombi samahani. Ninachomwomba ni asimame."