Mkoromo Niliomfukuzia Mke Wangu

Binti yangu alinisikilizisha usingizi wangu mwenyewe mchana kweupe, mezani, sahani za lituma, ndizi zetu za kuponda, zikiwa bado hazijaondolewa. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesinzia kitini baada ya chakula, naye akanirekodi kwa simu. Kwanza nilisikia kitu kama msumeno unaokata mti mbichi. Kisha kimya. Kimya kile kilidumu mpaka nikadhani simu imezimika. Halafu koo lililojaa makamasi likajifungua kwa nguvu, kama nguruwe anayevutwa kutoka matopeni, na baada yake mate na kutafunatafuna. Nikasukuma sahani.

"Zima. Inatapisha."

"Haiyaisha bado, papa."

"Nimesema zima!"

Hakuzima. "Unajua hii makelele?" akaniuliza.

Nilikuwa naijua. Kwa sababu yake nilimrudisha mama yake kwao Banalia, miaka kumi na moja iliyopita.

Wakati ule nilikuwa karani wa kivuko. Niliandika magari na mizigo iliyovuka mto kutoka mjini kwenda Lubunga, tulikokuwa tunakaa. Mke wangu alitengeneza kwanga, mikate ya muhogo ya kufungwa majanini, na kuiuza sokoni. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwepesi wa kucheka, mpaka alipozaa mtoto wa mwisho. Hapo usingizi ukamwingia kama mvua inavyoingia nyumba iliyotoboka. Alisinzia sokoni, mkono juu ya kwanga. Alisinzia akichambua pondu, majani ya muhogo ya mboga. Asubuhi aliamka kichwa kinauma, amechoka kuliko alivyokwenda kulala. Na alikoroma. Sikumwuliza hata siku moja anajisikiaje. Nilimwambia kukoroma ni kwa wanaume, nikahamishia mkeka wake jikoni, kwenye moshi na kuku. Mimi mwenyewe nililala juu ya daftari la kivuko karibu kila siku baada ya kula, mate yakifuta wino. Usingizi wangu niliuita uchovu wa kazi.

Halafu nikajifanya mganga. Mtu yeyote wa hapa anajua kwamba misitu ya Banalia ina mbung'o, na mbung'o wanaleta malale. Mke anatoka kule, mke analala mchana: kwangu jibu lilikuwa limeshapatikana. Wauguzi wanaozunguka mitaani walipopita Lubunga, nikampeleka. Wakamtoboa kidole, wakapima damu, wakasema hana kitu. Sikukubali. Nikampeleka hospitali, nikadai achomwe sindano ya uti wa mgongo, maana nilikuwa nimesikia kwamba ugonjwa ukikomaa huonekana humo.

Mwuguzi mmoja mzee alinitazama. "Papa, ku damu hakuna kitu. Unatafuta nini ndani ya mugongo ya mama?"

"Angalia muzuri. Anatoka ku Banalia."

"Mimi pia natoka ku Banalia. Unaona niko nalala?"

Walimchoma. Alijikunja ubavu, akashika shati langu, hakulia. Hawakuona kitu. Miezi sita baadaye nikamrudisha, akachomwa tena. Siku hizi malale yanatibiwa kwa vidonge vya kumeza. Wakati ule dawa ilikuwa bado ya kuingizwa mishipani, na wazee walikumbuka nyingine ya zamani zaidi, iliyounguza mishipa na kuua baadhi ya waliopewa. Hata ile ya zamani ningeikubali, mradi tu mke wangu apate jina la ugonjwa la kuwaambia watu. Naandika haya na mdomo unajaa maji machungu. Maji ya mgongo wake yalipokataa kunipa jina hilo, nilibaki na moja: uvivu.

Mama yangu akafa. Kwenye matanga mke wangu alipikia waombolezaji tangu alfajiri, na saa nane mchana akaja kukaa kando ya sanduku la maiti. Akalala. Akakoroma. Vilio vikapungua, shangazi zangu wakaanza kutazamana.

"Bibi ya nani anakoroma mbele ya maiti?"

"Muache, anamuimbia mama mukwe!"

Kicheko kikapita katikati ya wanawake wenye machozi. Wiki iliyofuata nikamchukua baba mdogo wangu, tukampeleka mke wangu Banalia. Kwetu anayerudisha mke hutaja kosa lake mbele ya kaka zake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nikayaona mazuri: "Mulinipa mwanamke mwenye macho. Mimi nawarudishia usingizi." Baba mdogo alicheka. Mke wangu alikuwa amepakata fungu la nguo zake, anatazama chini.

Sasa, baada ya ile simu, binti yangu alinipeleka kwa daktari, mwanamke kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alinipa kitu kidogo kama saa ya mkononi, chenye kibanio cha kidole, mkanda wa kifua na mrija mwembamba wa kukaa chini ya pua. Nilale nacho nyumbani, nikirudishe asubuhi. Mrija ulirudi na makamasi yangu yaliyokauka. Yeye aliupokea bila kukunja uso, mimi nikageuka pembeni. Kwenye kompyuta alinionyesha mistari: hapa unavuta hewa, hapa huvuti, hapa hewa inapungua kwenye damu, hapa ubongo unakuamsha kidogo bila wewe kujua. Zaidi ya mara ishirini kila saa.

"Nyama ya koo inalegea, papa, njia inajifunga. Haiko uvivu. Haiko malale."

"Miaka kumi na moja iliyopita ungejua hivyo?"

"Hapa? Hakukuwa mutu wa kupima."

"Lakini wa kufukuza alikuwako," akasema binti yangu.

Daktari alijifanya hakusikia. Akaeleza kwamba walio na hali mbaya hupewa mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, ili koo lisijifunge. Mimi nianze na kuacha lotoko, pombe yetu kali ya kienyeji, kupunguza tumbo na kulala ubavu. Nishone kitu kigumu nyuma ya shati la kulalia, nikigeuka chali kiniamshe. Ndipo binti yangu akamweleza habari za mama yake: shinikizo la damu halishuki na vidonge, na mwezi uliopita alisinzia mekoni, mkono ukaungua.

Daktari akaweka kalamu chini. "Huyo munilete upesi. Moyo hauvumilii hivyo siku zote."

"Nimemuomba mara tatu, docteur. Anasema walishamutoboa ya kutosha."

Sindano zile zilikuwa zangu. Kwa hiyo nilikwenda mimi.

Nilitoka alfajiri kwa pikipiki, nikafika Banalia adhuhuri, vumbi mpaka kwenye meno. Mke wangu alikuwa kwenye barza ya mbele ya nyumba, anatoa machikichi kwenye mkungu na kuyatia kikapuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu jekundu, miguu imevimba. Kaka yake mkubwa alinipa kiti bila kunipa mkono. Nikasema yote: kwamba hakuna sindano, ni kibanio cha kidole tu, kwamba ugonjwa huo ninao mimi, kwamba nilimkosea.

Mke wangu aliendelea na machikichi yake. "Papa ya batoto, wewe unakoroma?"

"Ndiyo."

"Kama mimi?"

"Kushinda wewe."

"Bon. Lala."

"Wapi?"

"Hapa. Ulinisema mbele ya watu, lala mbele ya watu. Nikiona, nitajua kama nitaenda."

Mkeka ukatandikwa katikati ya barza. Majirani walishaanza kusogea. Nililala chali nikijiambia kwamba aibu itaniweka macho, nifunge macho kidogo tu, niwaridhishe. Lakini ugonjwa huu haujali aibu.

Nilipozinduka shingo ilikuwa imelowa mate, inzi amekaa mdomoni, shati limepanda mpaka kifuani na tumbo liko nje kama unga uliomwagika. Uani watoto walikuwa wanashindana kukoroma. Mwanamke mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge.

"Bokilo," shemeji yangu akasema, "tulifikiri umekufa. Tulishaanza kugawana viatu."

Wote walicheka isipokuwa mke wangu. Mapajani alikuwa na bakuli, na ndani yake machikichi mekundu yamefika nusu.

"Kila mara pumzi ilikatika niliweka moja," akasema. "Mimi pia nilikuwa hivi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Hata wakati nilikuwa nanyamaza?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimeshasema mwingi katika ua ule. "Hata wakati ule. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nasema, sasa amenipa nafasi nilale."

Watoto waliendelea kukoroma, watu wazima hawakucheka tena. Ulikuwa ukweli mchafu kuliko yote niliyonayo: mtu anakosa hewa hatua chache kutoka kitanda changu, nami najivutia shuka na kushukuru.

Mke wangu alifunika bakuli kwa sahani. "Nitaenda. Kwa mutoto yangu, si kwako."

Akaenda. Mistari yake ilikuwa mibaya kuliko yangu mara nyingi, na daktari hakumrudisha nyumbani na maneno matupu. Watoto walimpatia mashine, pamoja na betri na paneli ya umeme wa jua, kwa kuwa umeme wetu unakuja na kuondoka unavyotaka. Siku za kwanza alilalamika kwamba barakoa inanuka plastiki na inambana pua. Mwezi haukuisha akawa anasikiliza mahubiri yote mpaka mwisho, jambo ambalo hata padri aliliona. Shinikizo la damu limeanza kushuka. Anakaa mjini kwa binti yetu. Mimi niko Lubunga peke yangu. Jumapili navuka kwa mtumbwi kwenda kula kwao, na sasa ni mke wangu anayenitazama nikisinzia.

Jumapili ya kwanza alinipa kifuko. Ndani mlikuwa na machikichi yale ya bakuli la Banalia.

"Docteur alisema kitu kigumu."

"Utanishonea?"

"Jishonee."

Nilijishonea, mishono mibaya ya mzee asiyewahi kushika sindano. Sasa maganda yameoza, mafuta yametoa doa jekundu nyuma ya shati, linanuka sabuni iliyochacha, na sisimizi wameligundua. Binti yangu ameniletea mpira mdogo, msafi, niubadilishe. Nimeuweka dirishani, uko pale pale. Nikijisahau nikageuka chali, kokwa zinanidunga uti wa mgongo, mahali walipomchoma yeye, naamka na harufu ile puani, narudi ubavu.