Nilibadilisha Ndama wa Rafiki Yangu, Mwanangu Akakosa Mke

Ndugu wasomaji, mimi ni mkosaji. Nimekaa na jambo hili tangu nina nguvu zangu mpaka sasa meno yananitoka, na sijamwambia mtu, hata padri. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnioni uso.

Nyumbani ni Samuye, Shinyanga. Rafiki yangu nitamwita Shija, ingawa si jina lake. Alikuwa akifanya kazi mgodini Mwadui, hana nafasi ya kuchunga, kwa hiyo ng'ombe wake mmoja akamweka kwangu. Kwetu Wasukuma hilo ni jambo la kawaida: unatunza ng'ombe wa mwenzako, maziwa unakunywa wewe, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Kinachowafunga ni kuaminiana tu.

Ng'ombe wa Shija alikuwa mwekundu, na pembe yake ya kushoto ilikuwa imeinama karibu izibe jicho. Tulikuwa tunamcheka.

Basi akazaa siku moja na ng'ombe wangu! Wa kwangu alizaa dume, wa Shija jike. Mfugaji yeyote anajua maana yake. Dume utamuuza au utamchinja, lakini jike ndiye anayejaza zizi. Nilisimama pale alfajiri, mikono ina damu ya uzazi, shetani akaniingia. Nikawabadilisha.

Kila ndama nilimpaka ute wa mama asiye wake, nikamnyunyizia chumvi ili alambwe. Ng'ombe wangu alikubali mara moja. Yule wa Shija, jamani! Dume alimlamba na kumnyonyesha, lakini kila jioni alisimama kwenye ua wa ndama akimlilia yule jike.

Mke wangu akauliza, "Huyu analilia nini, na mtoto wake si huyu hapa?"

Nikamwambia anaumwa tumbo.

Shija alipokuja, alimpapasa dume mgongoni akacheka, akiniita mwanaume kwa Kisukuma chetu. "Si haba, ngosha. Mungu akipenda, safari ijayo atatupa jike." Akanipa na sabuni alizoniletea kama shukrani, wakati ambao sabuni zilikuwa hazionekani madukani. Nikapokea! Kwa mikono hii hii.

Baadaye aliacha kazi, akachukua ng'ombe wake na dume lile, akahamia Bukombe. Yule mtamba akabaki kwangu, akakua, pembe zikaota. Ya kushoto ikaanza kuinama kidogo kidogo, mpaka ikafika karibu na jicho. Ningemuuza mapema, lakini maziwa aliyokuwa nayo! Tamaa ikanishika. Akazaa, na binti zake wakazaa, zizi likajaa.

Miaka ikapita. Kijana wangu wa kwanza akaenda Bukombe kununua mpunga, akafikia kwa Shija kama nyumbani. Huko akampenda binti yake, na binti akampenda. Wazee tukakubaliana. Shija akasema atakuja na kaka yake kuangalia ng'ombe wa mahari, kama ilivyo desturi.

Asubuhi ya siku hiyo nikamswaga yule wa pembe pamoja na binti zake mpaka kwa shemeji yangu, ng'ambo ya mto. Lakini alikuwa amezaa karibuni, na ndama hakuweza kutembea mbali, nikamwacha zizini. Ujinga gani huo! Nilisahau nilichokiona kwa mama yake.

Wageni wakafika. Nikampa kaka mkubwa shikamoo, akaitikia, tukakaa, ugali ukaletwa. Tukiwa tunanawa mikono tukasikia mlio. Ng'ombe alikuwa amevunja ua wa shemeji, amekuja mbio, chuchu zimejaa, anamwita mtoto wake. Akapita mbele yetu na pembe yake ile.

Shija akaacha kunawa. Akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akaniomba tusogee nyuma ya zizi.

"Ngosha, huyu mama yake ni yupi?"

Nikasema, "Mchukue, na watoto wake wote. Nitakufidia."

Akatikisa kichwa. "Ungeniambia tu siku ile, 'Shija, tubadilishane.' Kwani ningekunyima?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Lakini binti yangu simtoi kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Wala hatamwita baba mtu wa namna hii."

Nilidhani atapiga kelele kijiji kizima kisikie. Wapi! Alirudi akamwambia kaka yake, "Kaka, twende. Nimefikiri upya, binti bado mdogo." Kaka akabaki anamshangaa. Waliondoka bila kula, na aibu yangu Shija akaifunika.

Kijana aliporudi kutoka shamba la pamba aliniuliza, "Baba, tumewakosea nini?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilimjibu, "Wale wana dharau. Wametuona sisi si kitu."

Akaniamini! Binti akaolewa kwingine. Mwanangu akaenda Geita kuchimba dhahabu, hajaoa, hajarudi. Nimesikia alikutana na Shija mnadani Ushirombo, akamwita mzee mwongo mbele za watu, akakataa kumwamkia. Shija angeweza kujisafisha palepale. Alinyamaza.

Wenzangu, kubadilishana ni kwa watu wawili waliokubaliana. Ukibadilisha peke yako na mwenzako hajui, huo ni wizi, hata kama umemwachia kitu mkononi. Na ukishaiba, usimpe mwanao uongo wa kukulinda. Nimefanya yote mawili, na la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Mwanangu, najua huko machimboni mnasomeana magazeti. Ng'ombe wa pembe iliyoinama ulimchunga wewe mwenyewe, kwa hiyo utajua ni mimi ninayeandika. Usihangaike kunijibu. Nenda Bukombe, mtafute yule mzee, umpe shikamoo yake.