Nyumba Zinazoitika Hodi

Nimecheza michezo mingi ya video kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu, na katika yote ninazopenda ni sehemu zenye mizimu. Wengine wanataka mpira, magari, bunduki. Mimi nipe hoteli iliyofungwa kando ya ziwa, bwawa la kuogelea limekauka, viti vya plastiki bado vimepangwa, halafu huko ghorofani nisikie kiti kinavutwa na hakuna mtu. Hapo nimefika. Naweka kikombe cha chai pembeni, nakunja miguu kwenye kochi, na Jumapili yangu mchana inapita.

Baada ya hoteli nafuatia hospitali. Kuna moja yenye korido ndefu iliyojaa maji hadi vifundoni, na nyuma yako kuna kitanda cha magurudumu kinachokufuata. Ukigeuka kinasimama. Mimi nauza dawa katika duka moja mjini, nashinda kutwa na wagonjwa wa kweli wanaobishana nami juu ya vidonge. Kitanda kisichosema neno kinanipumzisha. Shule sizipendi. Kengele inayojipiga yenyewe, watoto wanaoimba gizani, mdoli juu ya dawati: huo ni uvivu mtupu wa watengenezaji, na mimi mtu mvivu hanitishi.

Naishi mtaa wa Musaga, vyumba viwili, peke yangu. Nalisema mapema ili msomaji asikae akimsubiri mtu mwingine aingie kutoka chumba cha pili.

Mashine ya gemu aliileta baba. Alikuwa fundi magari, gereji yake iko mbele ya nyumba yetu mtaa wa Jabe, na mteja wake mmoja wa Kiriri, mtaa wa wenye pesa, aliyekuwa anahama nchi alimwachia ile mashine kwa kuwa haikuingia sandukuni. Maneti yake, kidude cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, ilikuwa na kitufe kilicholegea. Baba akaifungua, akatia kipande cha mpira wa tairi, na mpaka leo kitufe hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Mama alikuwa ameshafariki, nikiwa na miaka saba. Tulikuwa wawili tu, na mimi nilikuwa mwoga, kwa hiyo nilipocheza baba alikaa nyuma yangu kwenye mkeka, na ovaroli yake yenye grisi, kunilinda.

Gemu ya kwanza ilikuwa ya jumba kubwa la kale. Nikasogea mlangoni, nikabonyeza, mlango ukafunguka.

“Ee! We uko mwizi?” baba akasema. “Unaingiaje mu nyumba ya watu bila hodi?”

“Baba, ni gemu.”

“Ata kama. Nyumba ni nyumba.”

Kwetu hodi ni mara tatu. Hivyo ndivyo dini ilivyotufundisha, na watu wa mitaa yetu wanalishika jambo hilo. Ukibisha mara tatu usipojibiwa unageuka unaondoka, bila kuchungulia dirishani na bila kununa. Mwenye nyumba ana haki ya kutoitika. Baba alilishika hili kwa nguvu kuliko mengine ambayo, Mungu amsamehe, alikuwa akiyalegeza kidogo. Basi nikawa nasimama mbele ya kila mlango wa lile jumba, nasema hodi kwa sauti mbele ya televisheni, mara tatu, tunasubiri. Kimya. “Rudi,” anasema baba. Tukakaa siku kadhaa uani mwa jumba tukizunguka na kunguru, kwa sababu hakuna aliyetukaribisha ndani.

Mpaka siku moja nikabisha, na kutoka ndani mtu akaguna. Mguno mrefu, wa mtu aliyekufa zamani na hajafurahia. Mimi nikaitupa maneti. Baba akainuka kwa furaha.

“Umesikia? Ameitika! Ingia, mutoto wangu, karibu ndo iyo.”

Tangu hapo tulikuwa na sheria yetu. Chumba chenye mzimu tunaingia, maana mwenyewe ameitika. Chumba kitupu tunakiacha. Nilikua na sheria hiyo kichwani, na nadhani ndiyo iliyoniharibu, kwa sababu mpaka leo nyumba yenye mzimu hainiogopeshi. Mle ndani kuna mtu. Anakungoja, amesikia hatua zako, hana kazi nyingine duniani ila wewe. Kinachoniogopesha ni mlango unaofunguka bila chochote ndani, kama huu wangu wa Musaga kila jioni nikitoka kazini.

Nilimkosea baba miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimempenda mwanamume wa Uvira, Mkristo, mcheshi sana, na baba hakumtaka. Nilikwenda kumwambia pale pale gereji. Alikuwa ameinama juu ya pikapu, injini inanguruma, wala hakuinua kichwa. Nilieleza, nikalia, nikaeleza tena. Naye anaendelea na spana yake. Hasira ikanipanda. Nikamwambia: “Basi hesabu kwamba mi sina baba.” Nikiwa bado nasema akanitazama, kisha akainamia injini tena.

Nikaondoka na ukimya ule, nikaolewa. Kwetu radhi ya mzazi si neno la mapambo. Ukiikosa, kila kinachoharibika maishani unajua kimeharibika kwa nini. Na mambo yakaharibika. Baada ya miaka miwili mume wangu alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi, akaipata, na pamoja na kazi akapata mke. Sikumlaumu hata yeye. Nilijua nimelaaniwa, na mtu aliyelaaniwa hana wa kumlaumu.

Nilirudi kwa baba mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa alasiri. Nilipita kichochoro cha nyuma ili majirani wasinione, maana Jabe wanaona kila kitu. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, redio ndani inapiga kelele ya kupasua bati. Nikabisha hodi mara tatu. Redio haikupunguzwa. Nikaelewa kwamba ameiongeza makusudi asinisikie, nikarudi Musaga.

Mara ya pili ilikuwa Idi. Pazia la mlangoni lilikuwa limesogea kidogo na sikuweza kujizuia, nikaona mgongo wake. Amevaa kanzu mpya, amekaa peke yake, sahani ya pilau mbele yake haijaguswa. Nikasema hodi. Nikasema tena. Nikasema ya tatu. Mgongo haukutikisika. Mafuta yalikuwa yameadimika wiki ile, mabasi hayakuwepo, nikatembea kwa miguu mpaka Musaga na nguo zangu za sikukuu. Sikuwahi kujisikia mpweke kama siku ile, hata mume aliponiacha. Mume alikuwa ameondoka. Baba alikuwepo, mita tatu tu, na hakutaka.

Baada ya hapo sikurudi. Niliwasha mashine. Mwaka mzima kila Jumapili nilizunguka hoteli ile ya ziwani, na nikikuta kile kiti kinachojivuta nasimama tu hapo, sibonyezi chochote, nasikiliza. Umeme ukikatika nabaki nimeshika maneti mbele ya kioo cheusi, naona uso wangu mwenyewe. Huo uso sikuupenda.

Mwezi uliopita akaingia dukani mama mmoja wa Jabe, jirani yetu wa zamani, ukuta kwa ukuta. Alitaka matone ya masikio ya mzee mmoja mtaani. Alipoinua macho akanitambua.

“We! Mbona hukuji kuona muzee wako? Kila Idi anauliza, mutoto wangu ajafika?”

“Nilikuja, mama. Mara mbili. Nilibisha hodi tatu tatu, hakuitika.”

Akanishangaa. “Ataitika na nini? Masikio yake ilishakufa, ni miaka sasa. Ata adhana asikii, siye ndo tunamushika mukono tunamupeleka musikitini. Haya matone ni yake.”

Nilimfungia matone yale. Aibu, furaha, hasira, vyote vilinijia pamoja, na hasira ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Mtu mwingine yeyote angesukuma mlango. Mtu asiye na adabu angeingia, angemgusa bega, na mambo yangekwisha siku ile ile ya Ijumaa. Mimi nilikuwa na adabu. Nililelewa vizuri mno.

Tukaondoka pamoja mchana ule ule. Nikafika mlangoni na, najua, najua, nikabisha hodi. Ulimi ulikwenda wenyewe. Baada ya ile ya tatu nilikuwa nimeshaanza kugeuka, mama jirani akanisukuma mgongoni. “Ingia, we! Unangoja nani?” Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa.

Baba alikuwa ameketi, anachambua nati na kuzitia makoponi, kubwa huku, ndogo huku. Amekonda. Nikazunguka taratibu mpaka nikawa mbele yake. Alishtuka kopo likamwagika. Akanitazama mimi, kisha nyuma yangu.

“Uko peke yako?” akauliza, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaondoa makopo juu ya kiti cha pili, akakifuta kwa kiganja, nikakaa. Mama jirani alikuwa ametoka uani.

Maneno yangu nilikuwa nimeyaandaa miaka sita, na yote yalikuwa ya kunong’ona. Nikapiga magoti, nikasema nisamehe, baba. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikapandisha sauti. Akatikisa kichwa. Ikabidi nipige kelele, na uani huko niliwasikia wanawake majirani wananyamaza mmoja mmoja na masufuria yao.

“Baba! Nisamehe lile neno!”

Hilo akalisikia. Akakunja uso.

“Neno gani?”

Nilidhani ananiadhibu, kwamba anataka nilitamke mbele ya mtaa, na nikaona ni haki yake. Nikamsogelea sikio, nikavuta pumzi, nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote kwamba nilisema sina baba.

Akashusha mkono kutoka sikioni. Macho yake yakaniangalia, na nikaona ndani yake kitu ambacho hakikuwepo nilipoingia.

“Siku ile niliona mudomo tu,” akasema. “Nilizani unaniaga.”

Miaka sita nilitubu neno ambalo halikuwa limemfika. Sasa limemfika.