Bomba Lililokataa Kufunga

Jamani, leo nimepigiwa vigelegele kwa kazi niliyoiharibu!

Nimerudi Kigoma sasa hivi, tope bado miguuni.

Kule kwenye kambi ya wakimbizi tumefunga chipu ya kufungua na kufunga maji. Kila mtaa nusu saa, ili tangi liwatoshe wote.

Nusu saa ikapita. Bomba likaendelea kumwaga. Saa nzima! Mtaa wa kwanza wanajaza madumu na kushangilia. Mtaa wa pili wanafoka, maji yanaisha. Mimi jasho tu.

Odette, fundi mwenzangu Mrundi anayeishi hapo kambini, akauliza, “Kwenye programu umeandika kristali ya ngapi?” Kristali ndiyo inayoipa chipu mapigo ya kuhesabia muda.

“Megahezi kumi na sita.”

“Eee! Hiyo ilikosekana. Nimekuwekea ya nane, nimeitoa kwenye redio mbovu.”

Kumbe! Chipu ilikuwa inahesabu kwa nusu ya mwendo!

Nikaweka laptopu juu ya dumu, nikarekebisha namba. Zamu ya mtaa wa pili, nusu saa kamili: tka! Bomba likafunga.

Mimi na Odette tukarukaruka kama watoto.

Foleni nzima ikatukunjia uso.

Sasa nisaidieni jibu la kumpa bibi wa mtaa huo, aliyenishika mkono akasema, “Mjukuu wangu, kesho ukosee tena. Ila ukosee kwetu.”