Taa ya Ndagala

Nilitoka Tabora kwa treni hadi Kigoma, nikavuka mpaka Manyovu, nikateremka Nyanza-Lac, kisha nikaingia Rumonge. Njia nzima nilipakata mashine ya kukuzia picha niliyoinunua kwa mzee aliyekuwa akifunga studio yake. Ilikuwa imeviringishwa blanketi. Mpakani mtu wa forodha alilifungua, akaizunguka.

"Cherehani?"

"Ya kusafishia picha, afande."

"Na taa yake?"

"Imekufa."

"Kumbe unabeba maiti," akasema, akaifunga tena vizuri kuliko nilivyoifunga mimi.

Nilikuwa namfuata mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania na kujenga karibu na michikichi. Jicho lake moja lilishakufa, na hospitalini walimwambia la pili linafuata. Alitaka kitu kimoja tu: kuuona uso wa dada yake kabla halijafuata. Mama alifia kambini. Picha yake ya karatasi ilipotea katika pilikapilika za kurudi, nami nikabaki na negativu yake ya filamu tu. Kijana mmoja wa Bujumbura aliwahi kuichapa kwa kompyuta. Alimlainisha ngozi, akamng'arisha, akafuta kovu la juu ya jicho. Mama mdogo aliisogeza usoni, akauliza, "Huyu ni nani?"

Ndiyo maana nikaleta mashine.

Aliniachia stoo ya madumu ya mawese. Niliziba dirisha kwa mablanketi. Karatasi za picha, nilizopewa pamoja na mashine na dawa za kusafishia, zilikuwa chache na kuukuu, na kila jaribio lilikula kipande.

Mashine ile inataka balbu ya rangi ya maziwa, ili mwanga uenee sawasawa. Huko Rumonge haikupatikana.

"Ampoule kama hiyo ilikuwaka ya wakati wa baba yangu," muuzaji wa vifaa vya umeme aliniambia. "Beba hii. Iko na garantie."

Nilibeba zote alizokuwa nazo. Ile ya kioo kitupu, waya wake ulijiandika kama wingu katikati ya uso wa mama. Ile iliyojisokota, ukiizima haikati mara moja. Hubaki na mng'ao, na karatasi ikaingia ukungu. Ya LED ndiyo iliyonila karatasi nyingi zaidi. Fundi aliyeweka umeme wa stoo aliipitishia swichi waya usio wake, kwa hiyo hata nikizima, balbu ilibaki na uhai mdogo ambao sikuuona, mpaka karatasi ilipotoka kijivu yote. Kisha umeme wenyewe ukaondoka.

"Bado?" mama mdogo aliuliza kutoka uani.

"Bado."

"Fanya haraka, mwanangu. Leo chai nimeimwaga kando ya kikombe."

Nikaenda Magara. Mwezi ukijaa, wavuvi wa huko hawaingii ziwani. Ndagala, dagaa wa huko, hufuata taa, na siku hizo ziwa lote linakuwa taa. Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani, taa zake za betri zimening'inizwa tu. Nilimwomba taa moja mvuvi mwenye asili ya ng'ambo, Kongo.

"Weye! Unataka kuvua ndagala mu nyumba?"

"Ni ya picha."

"Picha ya nani?"

"Ya mama. Marehemu."

Akaacha kucheka. "Beba. Lakini giza ikirudi, taa nayo irudi. Bila hii batoto watakula muchanga."

Niliipachika taa kichwani mwa mashine, na chini yake nikaweka mfuniko mweupe wa kopo la plastiki ili vile vijidoa vya mwanga viyeyuke. Betri haikujali swichi ya nyumba, ukizima, imezima. Mwanga wake wa baridi ulizifaa karatasi zile zilizochoka. Weusi ulishika.

Nilikuwa nimebakiza karatasi moja nzima. Mama alitokea polepole ndani ya dawa, kitenge kwanza, halafu kovu. Nilitegemea jambo fulani lingenipata. Halikunipata. Nilifikiria maji ya kuoshea.

Mama mdogo alisimama mlangoni, akaigeuza picha mpaka ikafika kwenye pembe ya jicho lililobaki. Alikaa nayo muda mrefu.

"Ni yeye," akasema. "Kovu hili alilipata kule Bugarama. Alianguka na mtungi. Akalilia maji, damu hakuililia." Akanigeukia. "Hufurahi?"

"Nafurahi, mama mdogo."

"Murakoze, mwanangu, asante."

Mwezi ulipopungua nilirudisha taa.

"Aliingia wavuni?" mvuvi akauliza.

"Aliingia."

Jicho liliondoka msimu huo huo. Nilikaa kidogo, nikibeba madumu ya mawese sokoni, kisha miguu ikaanza tena kuniwasha. Siku ya kuondoka mama mdogo aliutafuta mfuko wangu kwa kupapasa, akatia ndani ile picha, imefungwa kanga.

"Hiyo ni yako," nikamwambia.

"Mimi nimeshamwona. Wewe hujamtazama."

Mashine niliiacha stoo, mahali pa balbu pakiwa patupu. Sote wawili tulijua sirudi, na hakuna aliyelisema. Ndani ya gari la Nyanza-Lac nilipakata mfuko mapajani, ziwa likiwa upande wangu njia nzima, na hadi mpakani sikuufungua.