Mwalimu Aliyemwomba Ng'ombe Radhi

Pikipiki ilikataa mlima wa mwisho kabla ya Burungu. Sébastien akashuka kuisukuma, viatu vyake vipya vya ualimu vikizama kwenye matope mpaka kambani. Alikuwa njiani siku ya pili tangu atoke Kibua, kule kwenye misitu ya Walikale, ambako mtu akiinua macho huona majani. Hapa aliinua macho akaona mbingu tupu, na vilima vilivyonyolewa vikiwa vimejaa ng'ombe.

"Miti iko wapi?" akamuuliza Fiston, mwenye pikipiki.

"Miti ya kufanya nini, Mwalimu?"

"Ya kujificha mvua."

Fiston alicheka nusura aachie usukani. "Huku muntu hajifiche. Mvua inakupiga, unakauka, inakupiga tena. Sukuma!"

Sébastien alikuwa na miaka ishirini na sita, na baba yake alikuwa mtega wanyama. Siku alipoaga nyumbani, mzee hakumzuia wala hakumbariki. Alicheka tu, akasema, "Enda. Mitego yako nitaitunza, utarudi." Kwa ajili ya kicheko hicho Sébastien aliapa kwamba Kibua ataiona wakati wa likizo tu.

Direkta Manassé, mkuu wa shule, alimpa darasa la mwaka wa tatu, yaani watoto hamsini na watatu na dirisha moja. Watoto walikuwa wema. Tatizo lilikuwa dirisha. Halikuwa na kioo wala ubao wa kulifunga, na chini yake ilipita njia ya ng'ombe kwenda majini. Kila asubuhi, mwalimu akiwa katikati ya hesabu, pembe ya kwanza ilitokeza, na vichwa hamsini na vitatu vikageuka kwa pamoja. Hapo mjadala ulifunguka. Huyu ni wa nani? Mbona anachechemea? Ndama wake yuko wapi? Katikati ya kelele hizo alikaa Umuhoza, msichana wa miaka tisa mwenye sura ya malaika wa kanisani, ambaye aliweza kulia kama ndama hata ng'ombe wa nje wakasimama kumtafuta mtoto wao.

Ukuta kati ya darasa na ofisi ulikuwa wa mbao, na Direkta Manassé alisikia kila kitu. Siku ya nne aliingia na fimbo.

"Mwalimu, twaa hii. Iko dawa."

"Aksanti, Direkta. Lakini baba yangu alinifundisha kukaa kimya pembeni ya mutego masaa matatu, na hakunipiga ata siku moja."

"Kwani hapa kuko mutego?"

"Hapana. Kuko batoto."

"Basi nakupatia wiki tatu. Nataka nisikie kimya dakika kumi, saa yangu mukononi. Ikikosa, ninaandika barua, unarudi kwenu."

Sébastien alilala akikisikia kile kicheko cha Kibua.

Kesho yake alianza na mchezo aliokulia. Mtoto mmoja alikaa katikati ya darasa, macho yamefungwa kitambaa, hindi moja mbele ya magoti yake. Wenzake walitambaa kwenda kuliiba. Akisikia hata ukucha ukikwaruza, anaelekeza kidole, na mwizi anarudi kwenye benchi. Mara ya kwanza wezi wote walikamatwa, maana walicheka kabla ya kuinuka. Mwisho wa juma Umuhoza aliiba hindi, akaweka jingine dogo mahali pake, akarudi kukaa. Mlinzi aliendelea kulinda kwa bidii.

Halafu akageukia dirisha. Badala ya kushindana nalo, alilifanya kuwa somo. Ng'ombe wakipita, watazameni, hakuna kusema neno. Tukimaliza hesabu, kila mtu aandike walikuwa wangapi, rangi gani, nani mbele, nani nyuma. Watoto walijifunza kuwameza ng'ombe kimyakimya na kuwaweka tumboni mpaka hesabu iishe. Mwalimu naye aliandika: *Ng'ombe saba wa kahawia.*

"Mwalimu," Umuhoza akamwambia kwa huruma, "ata mbili hazifanane. Kule mu pori munaonaka nini?"

Mchezo wa tatu ndio uliomponza. Mtoto alizunguka darasa na kikombe kilichojaa maji pomoni. Wenzake hawakuruhusiwa kumgusa, ila kumchekesha kwa sura waliruhusiwa. Maji yalimwagika kila upande na hakuna aliyejali, maana huko maji huanguka yenyewe kutoka juu kila siku. Sébastien akafikiri, akapata wazo, akajiona mjanja.

"Umuhoza, kesho uniletee maziwa kidogo."

"Ya kunywa, Mwalimu?"

"Ya kutembea nayo."

Umuhoza alimtazama kama mtu aliyeombwa kengele ya kanisa ili wengine walishie kuku. Lakini udadisi ulimshinda. Kesho yake aliyaleta, ndani ya chombo cha mbao cha nyanya yake, kimefunikwa kifuniko chake cha ukindu.

Darasa lilinyamaza kabla ya kuambiwa. Watoto kumi na wawili walizunguka, mmoja baada ya mwingine, wakikishika kile chombo kwa mikono miwili kama kichanga cha siku moja. Hakuna aliyetoa ulimi wala kukodoa macho. Hakuna tone lililoanguka. Sébastien alijipongeza moyoni, na hapo watoto wakaanza kunong'ona, "Na weye, Mwalimu! Zamu yako!"

Alikichukua. Alipofika kwenye benchi la tatu, Umuhoza, bila hata kutabasamu, akalia kama ndama anayemtafuta mama yake.

Mwalimu alicheka. Maziwa yakachuruzika sakafuni. Akiwa bado anacheka, akayafuta kwa kiatu.

Watoto wakashika midomo. "Ameyakanyaga," mmoja akasema polepole.

Kabla ya kengele ya mwisho mlima mzima ulikuwa umeshajua. Nyanya yake Umuhoza, Mama Libérata, alifika akiwa na mwavuli mkononi na Direkta Manassé nyuma yake. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake, na komite ya wazazi ilikuwa chini yake. Kwa hiyo Sébastien alikuwa amemkosea mara mbili mtu mmoja.

"Mwalimu, kule kwenu nyama munaichezeya?"

Sébastien akamkumbuka babu yake. Utotoni aliwahi kupiga teke kichwa cha paa kama mpira, na babu akamlaza bila nyama siku mbili.

"Hapana, Mama."

"Basi unajua kosa lako."

"Ninajua. Unisamehe, Mama."

"Miye? Miye sikutoa maziwa. Bihogo, ng'ombe wangu, njo aliyatoa. Kesho utakuja kumuomba yeye, mbele ya batoto bote. Akikataa, komite haina mwalimu."

Kesho ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya zile wiki tatu.

Zizini, watoto hamsini na watatu walikuwa wamekaa kwenye mteremko, safu kwa safu. Bihogo, ng'ombe mwekundu mzito mwenye pembe ndefu, alisimama akicheua bila haraka. Direkta alisimama pembeni.

"Vua viatu," Mama Libérata akaamuru. Sébastien akavua, akaingia kwenye matope na kile kisichokuwa matope. "Shika mukia. Mikono mbili. Sasa muambie jina yako."

"Mama Bihogo, miye naitwa Sébastien."

"Na ya baba yako. Na ya shangazi zako zote, asijue unatoka wapi?"

Alikuwa na mashangazi tisa. Aliwataja wote kwa sauti, ameshika mkia. Bihogo aliutikisa, ukampiga shavuni. Aliambiwa azunguke mbele, amsifu macho, kwato, kisha mama yake Bihogo, ambaye hakuwahi kumwona. Alimsifu. Bihogo akamlamba sikio kwa ulimi unaokwaruza kama msasa, kisha akamkanyaga kidole. Mteremkoni hakuna aliyekohoa. Ukimya huo ndio uliomtisha. Ikiwa hawa hawacheki, akawaza, basi jambo hili ni zito kuliko nilivyodhani, na barua ya Direkta imekwisha kuandikwa.

"Magoti," akasema Mama Libérata.

Alipopiga magoti, macho yake yalikutana na ya Umuhoza. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamevimba, pua inatetemeka, chozi moja linashuka kuelekea kidevuni. Sura hiyo Sébastien aliijua. Ilikuwa ya mtu aliyeshika kikombe kilichojaa.

"Mama," akasema taratibu, "hii desturi iko kweli?"

Mama Libérata alimgeukia Manassé. "Direkta, saa yako inasema nini?"

Direkta akatazama mkono, akautikisa, akatazama tena. "Dakika kumi na saba."

"Ulitaka ngapi?"

"Kumi."

"Na fimbo iko wapi?"

"Mu ofisi."

"Iache kule. Batoto, nilisema atakayecheka wa kwanza hanywe maziwa mpaka Pentekoste. Sasa muko huru."

Mlima ulilipuka. Watoto walibingirika nyasini wakitaja mashangazi tisa kwa majina, bila kuruka hata mmoja, kwa mpangilio ule ule. Direkta Manassé alijigeuza kutazama vilima, mabega yakimruka. Alipopata pumzi alisema tu, "Mwalimu, Jumatatu usichelewe."

Sébastien aliketi pale pale kwenye samadi, akacheka kuliko wote. Kisha akainuka kutafuta viatu vyake.

"Unaenda wapi?" Mama Libérata akamuuliza. "Ya mukia ilikuwa muchezo. Maziwa haikuwa muchezo. Leo ng'ombe hazijakunywa maji. Zipeleke kule chini, uzirudishe zote kumi na moja."

"Mama, miye sijue ng'ombe!"

"Umeshawatajia familia yako yote. Munajuana."

Alishuka peku, kijiti mkononi, akiwasihi ng'ombe kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na mwishowe kwa lugha ya kwao Kibua. Kwenye kona ya kwanza watatu walikata kulia, watano kushoto, na watatu waliobaki wakasimama. Watoto walibaki juu na Mama Libérata, wakibishana ni ng'ombe yupi atarudi nyumbani kabla yake, na sauti ya mwalimu ikaendelea kupungua huko bondeni: "Bihogo! Bihogo, mama, tafadhali!"